Vikapu vya Mama Tauba

Buenos Aires, 10 Aprili 1961

Mzee Naum,

Shikamoo. Najua hujazoea kupata barua yangu, na ukiuona mwandiko huu utadhani kuna msiba. Hakuna msiba. Bado. Ndiyo maana naandika.

Nilikuja Dos Talas kwa Pasaka, uliniona sinagogini nimekaa na mama. Ukasema, "Matilde, mama yako anazidi kuwa kijana, kiuno kama cha mwali!" Mzee wangu, kile kiuno ni njaa. Ile nguo ya sikukuu ameibana kwa pini mgongoni, ndiyo maana hakuvua shali hata jasho lilipomtiririka. Sikukuu nzima alinipikia mimi. Nikimkaribisha, anasema, "Nimeshaonja jikoni." Siku ya kuondoka, alipotoka kumwagilia maua, nikafungua kabati. Vitunguu, chumvi, majani ya chai na chupa ya siki. Basi. Tangu baba afariki na ng'ombe wauzwe, mama anaishi kwa chai.

Nikimtumia pesa anaitumbukiza kwenye kisanduku cha sadaka, na wewe ndiye unayekifungua, kwa hiyo usijifanye huna habari. Nikimwambia aje akae nami, anasema mjini hakuna hewa. Nikimuuliza kama anakula, ananirukia: "Mimi ndiye niliyekufundisha kushika kijiko, leo wewe uniulize?"

Sasa nakuomba. Kile Chama cha Sadaka cha sinagogi yetu kipo, au kilikufa na wazee? Kama kipo, mpelekeeni mama kikapu kila Alhamisi jioni, apate cha kula Sabato, kama wajane walivyopelekewa zamani. Gharama niachieni mimi. Ila asijue kimetoka kwangu, wala kwako, wala kwa nani. Si yeye aliyeitunga ile kanuni? Kikapu kinaachwa mlangoni, anayekiacha hagongi, hageuki nyuma, na habari yake haisemwi leo wala kesho, ili aliyepokea aendelee kutembea kichwa juu. Miaka yote aliyoongoza chama amewabana nyote kwa kanuni hiyo. Safari hii imbane yeye.

Wewe ni mchinjaji, unajua kuingia bandani bila kuku kushtuka. Nakutegemea.

Matilde Reznik

*

Colonia Dos Talas, 21 Aprili 1961

Binti yangu Matilde,

Marahaba. Chama kipo. Yaani mimi nipo. Mwenyekiti aliyemfuata mama yako alihamia Rosario kwa mwanawe, mweka hazina hatofautishi tena mtu na mlango, kwa hiyo katibu ndiye chama, na katibu ni mimi.

Kazi imefanyika. Jana jioni nilikiweka kikapu: mkate wa kusuka, mayai, kuku nimemchinja na kumsafisha mwenyewe, viazi, jemu ya pichi, na mishumaa miwili ya Sabato. Nikakiweka, nikaondoka kwa heshima. Kusema kweli nilikimbia, nikajikwaa kwenye ndoo, nikaanguka nyuma ya tangi la maji. Kanuni inasema usigeuke nyuma. Haisemi lolote kuhusu mtu aliyeanguka uso wake ukiwa umeelekea nyumba. Nimelitafakari hilo, nadhani sina kosa.

Basi nikaona. Mama yako alifungua mlango, akakitazama kikapu, akashika mashavu kwa mikono miwili. Uso ukamng'aa. Akasema kwa sauti, peke yake, "Hatimaye!"

Matilde, nililia palepale kwenye matope. Sikujua kwamba njaa imemfikisha huko. Lala usingizi sasa, mama yako atakula.

Naum Grinblat,
Katibu

*

Dos Talas, 30 Aprili 1961

Matilde mwanangu,

Weka sindano chini, hiyo nguo ya mteja itangoja. Nina habari!

Chama cha Sadaka kimefufuka. Nami nilishakata tamaa, nilishasema moyoni, hawa wameniona kizee, wamenitupa. Alhamisi ile natoka kufunga dirisha, naona nini? Kikapu! Kimejaa, kimefunikwa kitambaa safi, kama nilivyowafundisha. Unakumbuka zamani, walikuwa wakipakia sinagogini kisha wanakiacha kwangu, nami nakifikisha, maana mimi ndiye niliyejua jiko la nani halijawaka. Sasa huyu Naum, mwoga kuliko kuku anaowachinja, ameona haya kuja kuniomba nirudi kazini baada ya kuniacha nikae bure tangu baba yako afe. Ameniachia kikapu bila neno. Nimemwelewa. Nimemsamehe.

Sikukiacha kipoe. Nilivaa viatu nikavuka reli hadi kwa Eulogia Barrios, yule mfua nguo. Mume alikwenda kukata miwa kaskazini, hakuandika tena, na watoto wake wanatafuna mahindi ya kuku. Alinitazama kama naleta polisi. Akasema, "Mama, mimi si wa kanisa lenu." Nikamwambia sisi hatuna kanisa, na njaa haiulizi mtu anasali wapi, pokea, kesho utampa mwingine. Alhamisi hii kikaja cha pili! Nikakipeleka kwa Ceferino, mzee wa reli, yule asiye na jino hata la dawa. Mkate alichovya kwenye maziwa, yule kuku akamchemsha mpaka akavurugika, na mchuzi ukamtiririka hadi kidevuni. Nimerudi naimba, mwanangu. Nilidhani siku zangu za kuwa na kazi zimekwisha.

Mimi nakula vizuri mno, usinisumbue na maswali yako. Jana supu nzito, leo tambi. Nimejaa hadi hapa kooni.

Mama yako,
Tauba

*

Buenos Aires, 5 Mei 1961

Mzee Naum,

KUKU WANGU AMELIWA NA MZEE WA RELI.

Mama anafikiri umemrudishia kazi! Kila unachomwekea anakibeba mbio kuwapelekea watu. Ile "Hatimaye!" uliyolilia matopeni ilikuwa furaha ya mtu aliyepandishwa cheo. Na anajisifu kwangu kwamba anakula tambi. Tambi zipi? Najua mama akidanganya. Anataja vyakula viwili, kamwe si kimoja.

Fanya kitu. Mpikie chakula cha mtu mmoja, kwenye sahani, weka na uma juu yake. Hakuna anayeweza kuigawa sahani yenye uma.

Matilde

*

Dos Talas, 9 Juni 1961

Binti yangu Matilde,

Anaweza.

Sahani aliipeleka kwa Ceferino, kisha Sabato akanijia sinagogini akanipa mkono: "Naum, leo umetumia akili, yule mzee uma wake ulivunjika." Nikaona, sawa, niweke vikapu viwili, kimoja kitambakia. Akatafuta nyumba ya pili. Nikaweka vitatu, akapata ya tatu. Sijui anawatoa wapi. Kijiji hiki nimeishi miaka yote na sikujua kwamba kina maskini hata nusu ya hao.

Halafu yakazuka mengine. Sabato iliyofuata, sala imekwisha, watu wanavaa kofia, mama yako akasimama upande wa wanawake akapaza sauti: "Jamani, vikapu havitoshi! Au mikono yenu imeota mizizi?" Watu walijitazama vidole. Alhamisi nakwenda kufungua chumba cha nyuma cha sinagogi, nakuta wanawake wamenitangulia na masufuria yao. Sisi ni nyumba tisa tu, Matilde. Kupata wanaume kumi, maana pungufu ya hapo sala haisomwi, ilibidi tumngoje muuza mbegu wa Villaguay apite. Sasa kila Alhamisi chumba kinafuka mvuke. Wake wa ndugu wawili wa Dujovne, waliokuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa ile mashine ya maziwa, wanamenya viazi kwenye beseni moja na kutukanana kwa raha zao. Mweka hazina anakatakata vitunguu kwa kupapasa. Mimi nimekatazwa kugusa unga. Tunacheka, wallahi sijui tulikuwa tunafanya nini Alhamisi zote za nyuma.

Lakini mama yako hali. Wanamkaribisha mezani, anasema ameshakula. Wanawake hawajui kitu, nami sikuwaambia. Ni aibu yake. Nilijaribu kumwambia mwenyewe. Nikaenda hadi mlangoni kwake: "Bi Tauba, kuhusu kile kikapu cha kwanza..." Akanikata: "Naum! Tangu lini habari za vikapu zinasemwa mlangoni?" Nikafyata. Kanuni ni kanuni.

Ile shali sasa inamzunguka mara mbili. Naogopa, binti yangu.

Naum Grinblat

*

Dos Talas, 16 Julai 1961

Matilde mwanangu,

Umenyamaza, nadhani una kazi nyingi. Mimi ndiyo usiseme! Baridi ya mwaka huu inauma, lakini Alhamisi kwetu imekuwa sikukuu. Watoto wa Eulogia wanasikia viatu vyangu kwenye kokoto za reli wanapiga kelele, "Bibi vikapu! Bibi vikapu!" Yule mdogo ana mashavu sasa. Eulogia ameniuliza ni nani hasa anayetoa vitu hivi. Nimemwambia akiuliza tena nampelekea jirani.

Naum ana kitu. Ananitazama kama mbwa aliyekula siagi. Amenijia mlangoni, anafungua mdomo, anafunga, anakwenda. Labda anataka kuoa. Kama ni mimi anayenifikiria, mwambie asijaribu.

Wanawake wananisukuma nikae nao tule wakimaliza kupika. Sikubali. Nikuambie kwa nini, nawe ulishike: aliyekabidhiwa chakula cha watu akilamba hata kidole, amekwiba. Bibi yako aliongoza chama hivyo, nami hivyo hivyo. Kile ni cha wenye shida. Mimi sina shida.

Nimepungua kidogo, ni kutembea. Juzi nilikaa kwenye tuta la reli, Ceferino akaja kuniinua, mzee mwenyewe fimbo tupu, tukaangushana kama walevi wawili. Kizunguzungu kidogo, ni jua kali. Tumecheka sana.

Nitafunga Siku ya Upatanisho kama kawaida, kabla hujauliza. Tangu nikiwa msichana sijavunja, hata tone la maji.

Mama yako,
Tauba

*

Buenos Aires, 1 Agosti 1961

Mama mpenzi,

Jua kali, mama? Mwezi wa Julai, katikati ya baridi ya Entre Ríos?

Nakupenda na nakukasirikia, sijui nianze na lipi. Kuna jambo nataka kukuambia. Nimeliandika nikalikata, nimeliandika nikalikata, karatasi imetoboka. Basi nikuulize tu, kwa kuwa wewe ni fundi wa mambo haya. Tuseme kuna mwanamke mmoja. Mtu wa heshima, mkali, amewasaidia wengi maishani mwake. Sasa yeye mwenyewe hana kitu jikoni, na yuko tayari kuzimia barabarani kuliko kusema. Mtu huyo ungemfanyaje?

Mwanao,
Matilde

*

Dos Talas, 10 Agosti 1961

Matilde,

Ningemwekea kikapu mlangoni nisigeuke nyuma. Wewe ulilelewa nyumba gani hata uulize?

Ni nani huyo? Nipe jina. Kama yuko upande wetu nitampelekea Alhamisi hii hii.

Mama

*

Dos Talas, 4 Septemba 1961

Binti yangu Matilde,

Maji yamenifika shingoni.

Mwaka wetu mpya unaingia Jumatatu, na Siku ya Upatanisho iko nyuma yake. Unajua sheria. Kosa la mtu kwa Mungu, siku ile inalifuta. Kosa la mtu kwa mtu halifutwi na sala wala machozi, mpaka umwendee uliyemkosea umwombe msamaha kwa mdomo wako. Mimi nimemdanganya mama yako tangu Aprili, kila Alhamisi, na kitambaa safi juu. Mimi ndiye ninayesimama mbele kuongoza sala. Nitafungua mdomo gani?

Na kuna kubwa zaidi. Wiki iliyopita aliketi chini tena, safari hii stesheni, mbele ya daktari. Daktari akampima kwa nguvu, kisha akanivuta pembeni: huyu mama akifunga siku nzima na mwili ulivyo hivi, msije mkashangaa asipoinuka. Nilimwandikia rabi wa Concordia, akajibu kwamba mgonjwa hafungi, ni marufuku. Nikampelekea mama yako jibu lile. Akalisoma akanirudishia. "Zuri sana. Sasa mgonjwa mwenyewe yuko wapi?"

Niambie nifanye nini. Kanuni yake inanikataza kusema, na toba yangu inanikataza kunyamaza. Usiku nageuka kitandani mke wangu ananipiga teke.

Naum Grinblat

*

Buenos Aires, 11 Septemba 1961

Mzee Naum,

Mwambie. Mwambie yote, na useme ni mimi niliyekutuma. Afadhali mama aliyenikasirikia kuliko mama aliyelala kaburini na heshima yake. Nimemwandikia naye leo, nimemwomba msamaha, na sikueleza wa nini, utaeleza wewe. Samahani kwa kukuachia sehemu ngumu.

Kisha usimwache peke yake siku hiyo. Ningekuja mwenyewe, lakini bosi wangu ana harusi tatu za kushonea.

Mwaka mwema, Mzee wangu. Uwe mwema kwetu sote.

Matilde

*

Dos Talas, 21 Septemba 1961

Matilde mwanangu,

Niko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua unaruka mistari.

Sasa kaa nikusimulie, maana mambo yaliyonipata wiki hii sijawahi kuyaona.

Jumapili Naum akaja mlangoni, kofia mkononi. "Bi Tauba, nisamehe." Nikamuuliza, kwa lipi? "Siwezi kusema." Basi, nikamwambia, nami siwezi kusamehe; ninunue gunia bila kulifungua? Akaondoka. Jumatatu karudi. "Bi Tauba, nisamehe." Kwa lipi, Naum? Akawa mwekundu, akasema kuna upepo, akaondoka. Mimi nikajua hakika anataka kunioa, na mkewe bado mzima! Jumanne asubuhi, siku yenyewe ya mkesha wa kufunga, yuyo huyo. Safari hii alifumba macho akalitema lote mara moja, kama mtoto anayetapika: "Vile vikapu vilikuwa vyako. Tangu cha kwanza. Matilde alinituma. Kila ulichogawa kilikuwa chako."

Nikamfungia mlango.

Sikufichi, Matilde, aibu ilinipanda toka kwenye nyayo. Mimi, Tauba Reznik! Mtu wa kuwekewa kikapu! Nilikumbuka nilivyoshika mashavu siku ile ya kwanza, nikaona ningepasuka. Nikasema, naam, kumbe kijiji kizima kinanihurumia, nami napita kifua mbele kama mke wa meya. Nikasema sitoki tena ndani. Wewe nilikutukana kwa sauti, kwa Kiyidi, lugha ya bibi yako, vizuri kabisa. Halafu nikakaa kitini, sikula, sikunywa, na siku ile, unajua, kula ni amri sawa na kufunga kesho yake. Jua likawa linapanda. Naum alikuwa amekaa kwenye ngazi yangu ya nje, nasikia anakohoa. Hakuondoka.

Mara mlango unagongwa. Nikajua ni yeye. Nikasema, "Naum, nenda ukasali!" Sauti ya mwanamke ikajibu, "Naum ni huyu hapa amekaa, mimi ni Eulogia, fungua, mkono unaniuma."

Nafungua. Eulogia amembeba kuku chini ya kwapa, jike jekundu, mzima, miguu imefungwa, ananitazama kwa jicho moja kama ananidai. Eulogia akasema:

"Alhamisi uliniambia leo mnatakiwa mle vizuri kabla ya jua kuzama, kesho mnafunga. Nimekuletea kuku. Nimemleta mzima, najua mambo yenu, mchinjaji wenu ndiye achinje."

Nikamwambia, "Mama, rudi naye. Una watoto. Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kupokea."

Matilde, yule mwanamke mpole, anayeinamisha kichwa akikusalimia, alinijia juu! "Huwezi kupokea? Mimi niliweza? Ulipokuja kwangu mara ya kwanza nilikuwa na watoto hao hao, na aibu nimeivaa kama gauni. Ukaniambia, pokea, kesho utampa mwingine. Mume wangu ameandika, ametuma kitu, nimenunua kuku sita. Sasa leo ndiyo ile kesho, na huyo mwingine ni wewe. Au ulikuwa unanidanganya? Au aibu mmewawekea maskini peke yao?"

Nilisimama kama mlingoti. Nimefundisha sadaka maisha yangu yote na mtu hajawahi kuniuliza swali lile. Nyuma yake Naum alikuwa ameinuka, amekodoa macho, kofia kaikunja kama kitambaa cha vyombo. Na yule kuku, katikati ya yote hayo, akatoa sauti moja ndefu ya kulalamika, akanya kwenye ngazi yangu niliyoifagia.

Nikaanza kucheka. Nikacheka mpaka nikashika mlango. Eulogia akacheka. Naum naye akacheka, halafu akaona hajasamehewa bado, akaacha. Kisha nikalia, usiniulize kwa nini, nililia nimemkumbatia Eulogia na kuku katikati yetu anapiga kelele.

"Naum," nikasema, "kalete kisu."

"Umenisamehe, Bi Tauba?"

"Chinja kwanza."

Akachinja, nikamtia chumvi kama inavyotakiwa, akaingia chunguni. Wake wa Dujovne walipita kuuliza kwa nini bomba langu linatoa moshi, maana kumbe waliona siku nyingi halitoi, wakarudi na tambi na karoti, wakagombana kuhusu chumvi. Ceferino alikuja mwenyewe kwa kufuata harufu. Mezani kwangu, Matilde, meza ya baba yako, tulikaa watu hata viti vikaisha, Ceferino akakalia ile ndoo Naum aliyoiangukia. Ndiyo, amenieleza na hilo la tangi la maji. Amekiri kila kitu, hata mambo ya mwaka arobaini na nane ambayo sikuyauliza.

Eulogia alikaa mbele yangu akinitazama kila kijiko. Nimewatazama wajane wengi vile, nikidhani nawapa heshima. Inakera. Lakini ukifika kijiko cha tano unaanza kupata joto, unaona kwamba mtu huyu anataka kweli uendelee kuwepo duniani. Nikala sahani mbili. Daktari akapita, akatazama dirishani, akaniruhusu kufunga, mradi nikae kitini siku nzima na nikiona giza ninywe maji. Nilikaa. Giza halikuja. Sala ya mwisho niliimba mpaka wakanigeukia.

Tunasoma kila mwaka: usimfunge kinywa ng'ombe apurapo nafaka. Nami kila mwaka nilidhani ni habari za ng'ombe. Leo ni Alhamisi, nimekwenda sinagogini nikatangaza kanuni mpya: asiyekula mezani na wenzake haruhusiwi kubeba kikapu. Wakaniuliza nani ataisimamia. Nikasema Eulogia. Amekubali, na ni mkali kuliko mimi. Amemwambia Naum amalize karoti zake.

Sasa jambo moja, kisha nikuachie. Nilikuwa na njaa, Matilde. Nalisema sasa kwa sababu nimeshiba. Nilikuwa na njaa tangu baba yako afe, na niliona kwamba nikiisema nitakuwa nimebakia nayo tu, njaa, bila jina langu. Haikuwa hivyo. Jina ninalo bado, watoto wa Eulogia wamelipiga kelele leo asubuhi mpaka mbwa wakabweka.

Barua yako ya kuomba msamaha nimeipata. Naum nimemsamehe, alikuja mlangoni mara tatu, na ndivyo inavyotakiwa. Wewe umeomba mara moja, tena kwa posta. Haitoshi. Mwambie huyo bosi wako ashone harusi zake mwenyewe, panda treni uje Alhamisi ijayo, ni sikukuu ya Vibanda, uombe mara zilizobaki kwa mdomo wako. Uje na njaa. Ukifika usinitafute bustanini, wala usinitafute kwenye reli. Pita moja kwa moja chumba cha nyuma cha sinagogi. Nitakuwa nimekaa mezani, nakula.

Mama yako,
Tauba